Mkono wa Kodi

Gwakisa alidaiwa miezi mitatu,
chumba cha uani, elfu arobaini kwa mwezi,
na mkopo wa chuo ulikuwa bado unasafiri.
Akaja jioni na kitu ndani ya shuka:
mota za printa zilizokufa, mbavu za mwavuli,
vidole vitatu vya plastiki,
na simu yenye kioo kilichopasuka
imefungwa juu, iwe jicho.
"Mama, huu utakuchambulia mchele."
Mama akautazama, akamtazama yeye.
"Mkono mtupu haulambwi, mwanangu.
Sembuse wa plastiki."

Lakini aliupokea.
Buguruni hatutupi kitu chenye skrubu.

Wiki tatu ulikuwa mwanafunzi.
Kukipambazuka Mama alikaa uani na ungo,
simu ikimkodolea,
naye, kwa kuwa anapigwa picha,
alivaa kitenge cha harusi ya Zubeda
akachambua mawe na wanja machoni.
"Usijisumbue, Mama, unatazama vidole tu."
"Ndiyo maana nimevaa pete."

Siku ya kwanza ya kazi
ulitupa mchele ukabakiza mawe.
Ya pili uliokota punje ndefu tu, ukazipanga mstari
kama watoto wa shule wanaongoja uji.
Ya nne umeme ulikatika
ukabaki umenyoosha kidole, unatushtaki sote.
Siku ya kumi na moja
fundi Chambuso, ambaye kila mchana
hutema kokoto na kuuliza tunapika au tunajenga,
alimaliza sahani, akanyamaza,
akaagiza nusu nyingine.

Tangu hapo Mama akalala mpaka jua lilipogonga bati.
Sijui kama mnaelewa ukubwa wa jambo hilo.
Miaka ishirini na sita sikuwahi kumwona amelala.
Nilidhani mama huzimwa tu, kama jiko,
na huwashwa kabla hatujaamka.

Kasoro ilikuwa moja.
Kila baada ya mawe matatu
mkono uliacha ungo, ukajiinua,
ukapunga hewa tupu.
Gwakisa akakuna kichwa, akafungua kompyuta,
akarudia picha zote za wiki tatu,
mpaka tukamsikia anacheka peke yake.
Kunguru.
Kunguru wa Buguruni, wasioogopa Mungu wala fagio,
hushuka mpaka kwenye ungo,
na Mama, bila kuinua macho, huwapungia hivyo.
Mkono haukujua kunguru ni nini.
Ulijua tu kwamba kuchambua mchele
ni kuokota, kuokota, kuokota, kisha kufukuza.
"Nitaifuta hiyo," akasema. "Dakika kumi."
"Iache," Mama akasema. "Kunguru hawajahama."

Sasa yuko Amana, kitanda cha dirishani.
Sukari imepanda, mguu umevimba,
na kila jioni ananinong'oneza nimletee chumvi
aliyokatazwa.
Mimi ndiye nawasha mkaa, nabandika maharage,
nachomeka waya ukutani.
Sikuwahi kuupenda mkono huu.
Unalia kama mlango usiotiwa mafuta, unakula umeme,
na Chambuso humsalimia huo kabla yangu.
Unaamka. Unajinyoosha.
Unaokota, unaokota, unaokota,
na hakuna kunguru, nilitandika wavu tangu Jumapili,
hata hivyo unajiinua na kupunga
kwa mkato uleule wa kifundo,
kidole cha mwisho kikichelewa kidogo,
kama chake kinavyochelewa
tangu baridi yabisi imwingie.

Nilisimama na mwiko mkononi
mpaka maharage yakaanza kushika chini.

Leo alfajiri nimeutoa wavu.
Wawili wamerudi papo hapo, wezi wale,
wametua ukingoni mwa ungo wakipimana macho,
na mkono umepata kazi.