Miguu Minne

Daktari wa Saskatoon alimwambia Orest:
goti moja kwanza, la pili baada ya mavuno.
Leo nayasikia maneno yaleyale kinywani mwake,
ameinama juu ya changarawe nyuma ya ghala,
spana mkononi, akimhubiria jirani yetu Lyle:
"Moja moja. Ukifungua mbili, nyumba inapiga magoti."

Nyumba yenyewe ni ile ya mgongoni mwa pikapu:
kitanda, jiko la gesi, kabati la vikombe viwili.
Imetufikisha maziwa ya kaskazini mara kumi na moja
na Yukon mara moja, tukarudi tumenuniana.
Husimama kwa jeki nne, kila pembe yake,
pikapu ikitaka kutoka chini yake kwenda dukani.

Theluji ilipoyeyuka, jeki ya mbele kushoto
ililia kama mbuzi, ikapanda inchi mbili, ikagoma.
Grisi ndani ilikuwa imegeuka lami.
Mpya zikaja kwa posta, nne, zinanuka rangi.
Bei hakuniambia.
Nami sijamwambia bei ya nyuzi za sufu.

Tumepanga mataruma ya reli chini ya tumbo lake,
gogo juu ya gogo, kabari juu ya kabari,
mpaka Lyle akausukuma ukuta kwa bega
na vikombe visilie.
Bolti ya kwanza ikafunguka. Ya pili pia.
Ya tatu ikavunjika shingo,
naye akatukana kwa Kiukreni cha mama yake,
lugha aliyoibakizia vyuma na hoki.

Nyuma ya bamba, mbao hazikuwa mbao.
Zilitoka kwa vidole kama mkate uliolowa chai.
Akaingiza kidole, kikazama hadi kifundo cha pili,
akakiacha humo, hakusema kitu.
Lyle akaangalia mawingu.
Miaka minane maji yalikuwa yakishuka
kwa tundu moja la skrubu, tone kwa tone,
juu yake sisi tumelala, tunasifu mvua.

Siku mbili zikaenda: kukata kilichooza,
kukausha kwa feni ya kuku, kupaka gundi,
kubana plaiwudi mpya, kungoja.
Kungoja hakuwezi. Usiku aliamka mara tatu;
nikadhani ni goti,
kumbe amesimama dirishani na tochi
anamulika mataruma.

Jumamosi jioni akanipa rimoti.
"Bonyeza wewe, Verna. Mimi nitasikiliza."
Mota nne zikaanza kuvuma,
nyumba ikajiinua juu ya magogo,
mguu wa nyuma kulia ukachelewa kidogo,
kama anavyochelewa yeye ngazini.
Nikaachia kidole. Nikaungoja.
Nikabonyeza wake peke yake, ukawafikia wenzake.

Lyle akaiingiza pikapu kinyumenyume,
kioo hadi kioo, nafasi ya kiganja kila upande,
Orest akimwongoza kwa fimbo ya hospitali
kama askari wa barabarani.

Jeki kuukuu zimelala nyasini.
Nimeuliza kama nizipeleke kwa mnunuzi wa vyuma.
Amesema mota mbili bado nzima,
amesema mtu hajui,
akazibeba moja moja hadi ghalani,
akipumzika kila hatua ya sita.
Miadi ya goti la pili ni tarehe tisa Oktoba.
Nimeiandika kwenye kalenda, juu ya friji,
kwa kalamu yake ya kupimia mbao.