Safu ya Tatu

Karani Zihalirwa alipanda ngazi za Kadutu
viatu mkononi, matope yamemshinda,
akauliza kama ndimi Ntakwinja
niliyeshona fulana mia sita na kofia.
Nikasema ndiyo. Kushona si kosa.

Akaketi juu ya gunia la vitambaa,
akafungua rejista yake: jina la kundi,
anwani, kisha safu ya tatu: fedha zatoka wapi.
"Hawa si chama," akasema, "wala si wagombea.
Ni Marafiki. Ndivyo wanavyojiita.
Lakini rafiki akimwaga fedha kwenye kura
sharti aje ofisini na jina lake la ubatizo."
Anwani waliyoacha ni ya Ibanda. Alikwenda.
Alikuta saluni, na dada anasuka nywele,
hata kadi ya mpiga kura hana.

Mvua ikapiga mabati. Tukanyamaza;
mabati yakinena, hakuna asikikaye Kadutu.

Mimi sheria siijui. Najua daftari langu
la mistari ya bluu, nililonunua Nyawera,
maana mteja asiyeandikwa
ni deni lililokwisha kufa.
Nikampa asome mwenyewe:

Fulana 600. Uzi mweupe.
Dola, noti mpya, zimegandana.
Mtu wa gari jeupe. Jina hakusema.
Kidoleni alama ya pete, pete hakuna.
Risiti hakutaka.
Namba ya gari, hii hapa.

Akasoma mara mbili, midomo ikihesabu
tarakimu moja moja kama mtoto wa shule.
"Namba uliiandika ya nini, mama?"
"Kofia themanini hajalipa."

Akacheka, akakohoa, akafuta miwani.
Mwaka mzima, alisema, anatafuta mtu mmoja
aliyewaona hao Marafiki wana uso.
Halafu akainakili namba ile
katika safu ya tatu, taratibu, kwa penseli.

"Mbona penseli?"
"Wino uko kwa mkubwa wangu.
Yeye ndiye huamua kinachobaki."

Akashuka, mwavuli umevunjika ubavu mmoja.
Mlangoni alimpisha mwanangu Cirhuza,
kavaa fulana iliyoniharibikia mshononi,
uso wa mheshimiwa umejikunja kwapani.

Nami nikavuta taa karibu.
Chini ya kofia themanini nikaongeza:
Karani amefika leo. Ameandika kwa penseli.
Kalamu yangu ilikwaruza kidogo, ikakubali.