Punguza Upepo

Alhamisi jioni, kituo cha mafuta cha Sib,
magari kumi yamepangana yakimetameta kama maharusi,
na la kumi na moja ni langu:
Pajero la marehemu baba, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba.
"Wewe ndiye mkia," ananiambia Zahor, mwenyekiti.
"Ukiona mtu kakwama, piga kelele."
Viti vya gari lake bado vina nailoni.

Redioni tunasema Kiswahili,
kwa kuwa mama zetu walitugombeza kwa Kiswahili,
na kwa kuwa vijana wa Nizwa wako kwenye masafa yaleyale.
"Ngamia kushoto."
"Nimemwona."
"Si huyo, mwenzake."
Thuweiba, nesi, anaendesha Patrol pekupeku,
anamung'unya ubuyu, kokwa anatemea dirishani
mpaka Sinau,
tunakonunua barafu, kuni, nusu mbuzi,
na Khalfani ananunua kofia isiyomtosha.

Kisha giza, na barabara
iliyonyooka kama uongo uliokaririwa.

Saa nne usiku lami inakoma.
Hapa sheria ni moja: shuka, chuchumaa, punguza upepo.
Tunachuchumaa. Matairi yanapumua gizani, sss, sss,
kama nyumba nzima ya watu
waliovua viatu vya kubana.
Zahor hashuki.
"Yangu ni mapya," anasema. "Yametengenezwa kwa haya haya."

Tukamwona akishika njia ya mkato,
taa zake zikiufuata weupe ulio mbele.
Weupe ule haukuwa mchanga. Ilikuwa chumvi,
juu ukoko, chini uji.
Gari likainama polepole, kwa adabu,
kama mgeni aliyekaribishwa kiti kibovu.
Redio kimya. Halafu sauti ndogo:
"Nimekwama. Msicheke."

Tulicheka. Mungu atusamehe,
Thuweiba alicheka hadi akaketi chini.
Baba asingecheka.
Au angecheka peke yake, baadaye, jikoni.

Koleo. Mbao. Mkeka wa kulia chakula.
Kamba ya kwanza ikakatika,
ya pili ikang'oa ndoana ya Khalfani,
Pajero langu likavuta, likakohoa, likazima.
Saa nane tukaacha kuhesabu.
Tukanywa kahawa tumeegemea bonati, hakuna aliyetaja matairi,
na kule kutotaja ndiko kulikomuumiza.

Alfajiri ikaja pikapu,
haina bampa, haina namba, taa moja,
rangi imeliwa na chumvi,
matairi laini kama maandazi ya jana.
Akashuka mvulana, hana hata ndevu.
Akalitazama gari. Akamtazama Zahor.
Hakuuliza kitu.
Akafunga kamba ya kuvutia mashua, mafundo matatu,
akaenda mbele kidogo, akarudi,
mbele kidogo tena,
na matope yakaliachia gari kwa sauti
ambayo sitaiandika hapa.

Zahor akatoa noti. Mvulana akatikisa kichwa.
Akanyoosha kidole kwenye stika ya klabu,
kichwa cha choroa ndani ya duara jekundu.
Akaibandika mwenyewe mlangoni mwake, juu ya kutu,
akaisugua kwa kiganja mpaka ikashika.

Khaluf. Mchanga mweupe unaotafuna macho,
maji ya kijani, nguru juu ya makaa,
hema la Khalfani limepinduka tena na kofia imekwenda na upepo.
Zahor amelala mdomo wazi, miguu nje,
matope yamemkaukia magotini.
"Huyo sasa," anasema Thuweiba, akigeuza samaki,
"huyo kapunguza."

Jumamosi tunakunja mahema
na ile pikapu inapita mbele yetu, bila haraka,
inavuta mashua kuipeleka majini,
choroa mlangoni, upande mmoja umeshaanza kubanduka.
Khalfani anainua redio,
ingawa anajua kule hakuna redio.
"Namba kumi na mbili," anasema, "tunakuona."
Zahor anabonyeza honi, mara moja, fupi.
Kisha anashuka, anachuchumaa
kwenye tairi la kwanza.