Inameni

Mwanafunzi elfu mbili, mkubwa elfu tano.
Helmeti ni bure, lakini irudishwe.
Kutoka Moshi mjini mmepanda sana, masikio yameziba?
Mezeni mate. Naitwa Aikande, nitatangulia na tochi.
Hapa mlangoni, inameni.

Wote huinama. Mwalimu mnene, mgeni mrefu wa Ulaya,
hata diwani aliyekuja na wapiga picha
aliinama mpaka tai ikafagia udongo.
Waliouchimba walitaka adui atangulize kichwa.

Kisha nasema niliyokariri:
chumba cha ng'ombe, chumba cha jiko,
tundu la hewa linalotokea katikati ya migomba,
na udongo uliobebwa usiku, kapu kwa kapu,
ukamwagwa mfongoni, maji yakaupeleka,
asubuhi pasiwe na lundo la kuwasaliti.

Dakika moja nazima tochi. Ipo kwenye ratiba.
Wanacheka, mtu anamfinya mwenzake,
halafu kimya kinawaingia kama maji ya mfongo
zamu yako inapofika: kwanza nyayo,
kisha magoti.

Jumanne ile, watoto wa shule kutoka Babati,
sauti ndogo gizani:
"Dada, na watoto wachanga? Hawakulia?"

Swali hilo halimo kwenye karatasi yangu.
Nikasema, "Walinyonyeshwa," nikawasha tochi,
nikawaonyesha alama za jembe ukutani.

Bibi Ndeanasia hakuwahi kushuka humu.
Aliishi hatua hamsini kutoka mlangoni, miaka themanini na kitu,
akipalilia kahawa yake kwa kulizunguka tundu.
Siku moja tu, akichuja mbege, alisema
mama wa mama yake alikuwa na dada
aliyembana mtoto kifuani mchana kutwa,
juu kukiwa na vishindo vya miguu,
na jioni, vishindo vilipokwisha,
aliendelea kumbana.
Hakuongeza neno. Akaniambia nimsogezee kata.

Sikuliandika. Kamati ilitaka historia ya kuvutia,
kurasa mbili, herufi kubwa.
Hii haivutii. Hii inavuta, kwenda chini.

Ila chumba cha tatu, kulia, kuna jani la isale
nililolipiga fundo, kama tufanyavyo kwetu
tukienda kuomba radhi kwa tuliyemkosea.
Wageni hulipiga picha, wanadhani pambo.
Likinyauka nakata jingine mpakani.
Sijui kama namwombea mama, au namwomba mtoto,
au radhi ni yangu mimi, mwuza tikiti.

Jioni nahesabu helmeti. Moja imebaki ndani.
Nashuka bila tochi, njia naijua kwa mabega.
Hakuna anayeniambia, nainama.

Kesho wanakuja wa Singida, watoto arobaini.
Betri nimenunua.
Karatasi nitaiacha nyumbani.