Mita Sitini za Isyonje

Nilichimba mita sitini.
Si nyingi. Kutoka kwenye mlingoti wa akina Mwakalobo
mpaka pale kalavati linapomeza maji ya mvua.
Mita moja shilingi mia nane,
kina cha kiunoni, na mnyapara akipima kwa fimbo:
"Mama Lusajo, hapa bado sentimita kumi."
Nikazitoa hizo kumi
kwa sururu na kwa matusi ya kimoyomoyo.

Udongo wa Isyonje mwezi wa sita ni mweusi, wa baridi,
unang'ang'ania vidole kama mtoto anayeachishwa ziwa.
Saa tisa ukungu ulishuka, tukabaki kusikiana tu:
majembe, kikohozi, mtu akiitisha maji.
Lusajo alikuwa darasa la tatu.
Aliniletea viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa,
akachungulia mtaro, mdomo wazi,
akauliza bomba lile jeusi linapeleka nini.

"Mwanga," mnyapara akasema.
"Unaishia wapi?"
"Hauishii. Unashuka Dar, unaingia baharini,
unalala huko chini na samaki, unakwenda kutokea kwa watu."
Tulicheka mpaka tukaegemea majembe.
Mwanga gani huyo, mchana yuko chini ya ardhi,
usiku yuko ng'ambo?
Jioni tulirudi nyumbani, tukawasha koroboi.

Pesa ile ilinunua sweta la shule na debe la mbegu.
Mtaro tukaufukia. Nyasi zikasahau.

Sasa Lusajo anafundisha hesabu katika nchi ya visiwa
ambayo, kwenye ramani ya ofisi ya kijiji,
niliifunika yote kwa ukucha wa kidole kidogo.
Kila Jumapili baada ya ibada uso wake hunijia kiganjani.
Nyuma yake mbingu tupu. Hakuna Rungwe.
Najiuliza mtu wa huko anajuaje upande alioamkia.
"Mama," aliniambia, "huku kebo ni moja tu.
Nchi nzima, kitovu kimoja."

Mwezi wa pili kikakatika.
Wengine walisema nanga, wengine ardhi ilitetemeka huko chini.
Simu yangu ilikuwa na vijiti vyote vinne.
Subilaga, jirani yangu, alikuwa akiongea na Tunduma, anacheka.
Kwangu kiduara kilizunguka,
kikazunguka,
kama kuku aliyefungwa kigingini.

Siku ya kumi na moja nilikwenda barabarani.
Nikang'oa magugu kwenye kile kinguzo cha manjano,
nikatembea kutoka mlingoti mpaka kalavati, nikarudi.
Hakuna aliyechimba. Hakuna trekta lililopita.
Upande wangu ulikuwa mzima.
Utingo wa lori la viazi akapiga kelele, "Mama, umepoteza nini?"
Nikamwambia, nahesabu.

Wanasema ipo meli inayovua kebo kwa ndoano.
Wakiipata, mtu mmoja huketi mezani
akaunga nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele,
bahari inamyumbisha, naye hatakiwi kutetemeka.
Mtu huyo simjui jina wala dini.
Nilimwombea mikono.

Siku ya ishirini, saa mbili usiku, simu ikalia.
Uso ulikuja vipande vipande, sauti ikiutangulia.
"Mama, mmelima?"
"Tumelima."
"Viazi?"
"Baka limeingia upande wa chini. Wa juu Mungu yupo."
"Na mgongo?"
Nilikuwa na siku kumi na tisa za kumwambia.
Nikasema, "Mgongo ni huu huu."

Akataka kucheka, picha ikaganda,
mdomo wazi,
vilevile alivyochungulia mtaro.
Sikukata.
Nilimngoja palepale, kanga begani,
bando likienda.