Bei ya Bohunka

Jumamosi ya Novemba, ukumbi wa zimamoto.
Wamelitoa gari lao nje, linanyeshewa,
ili sisi tupate pa kutandika meza.
Sakafu bado yanuka mpira na dizeli.
Zdislava analalamikia taa:
chini ya weupe huu kioo hakisemi,
kinanyamaza kama mtoto mbele ya wageni.
Radim anapanda ngazi, anazivika karatasi za keki.

Tuko saba. Tulikuwa kumi na mmoja
kiwanda cha shanga kilipofungwa,
tukagawana fimbo za kioo zilizosalia stoo,
kwa kilo, kama viazi.
Mimi niliangukiwa na buluu nyingi
na kijani kimoja ambacho hakuna tena ajuaye kukipika.
Nakitumia kichoyo. Tone kwa mwaka.

Kazi yenyewe ni kuzungusha.
Sindano ya chuma iliyovikwa udongo,
mwali wa gesi unaovuma puani,
fimbo inalegea, inainama, inadondosha asali yake,
nawe wazungusha, wazungusha,
maana ukisita kwa chafya moja tu
tone litaning'inia upande, na ndiyo basi.
Kisha tanurini usiku kucha, zipoe polepole,
la sivyo asubuhi utasikia *tik*,
halafu *tik* nyingine:
hasara yenye sauti ndogo kuliko zote nizijuazo.

Atungaye hutafuta tundu kwanza, rangi baadaye.
Nalisema hili kwa sababu za Bohunka
hata matundu yake yamepinda.

Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka miaka miwili iliyopita,
kwanza kwenye kijiko, kisha kwenye mwali.
Shanga zake sasa zina viuno, zina mabega,
kama vitu vilivyoshtuliwa usingizini.
Juzi tulikaa kikao bila yeye.
"Meza ya nyuma," mmoja wetu alisema,
"pale karibu na birika la chai."
Sitamtaja.
Nilikuwa mimi.

Akaja saa mbili kasorobo na kigari cha kuvuta,
akapita meza ya nyuma pasipo kuitazama,
akajipanga mlangoni kabisa.
Alikuwa amekata koti la mazishi la marehemu mumewe;
juu ya weusi ule akalaza vidani vitatu,
na kwa mwandiko uliotambaa kama mchwa akaandika bei.
Mara mbili ya zetu.

Nikamwambia, chema chajiuza.
"Basi kaa," akajibu, "tukiangalie kinavyojiuza."

Watu walikuja, makoti yakichuruzika.
Mimi niliuza jozi tisa za vipuli.
Bangili za Zdislava zote zilikwenda, hata ile yenye povu.
Kwa Bohunka walisimama, wakashika, wakasoma karatasi,
wakarudisha taratibu kama waliogusa kidonda.
Msichana mmoja alirudi mara nne.
Mara ya nne alikuja na mama yake, na mama alicheka.

Jioni wazimamoto walitaka gari lilale ndani.
Bohunka alifunga vidani vyake vitatu, vyote vitatu,
akapiga mluzi.
Nilimshikia mlango. Nikauliza, kwa nini ile bei?
"Katengeneze mmoja," alisema. "Mmoja tu."

Usiku niliwasha gesi.
Nilikichukua kile kijani, tone la mwaka huu,
nikautikisa mkono wangu makusudi.
Likatoka duara.
Nikavunja tone la mwakani. Nikashika sindano kwa mkono wa kushoto.
Duara.
Miaka thelathini na minne mkono umefundishwa neno moja,
na sasa nauomba ulisahau, hautaki,
unazungusha tu, mtiifu, kipofu,
duara, duara,
mpaka fimbo ikawa kipande kisichoshikika.

Jumatatu nilipanda kilima chake na pesa taslimu.
Sikuomba apunguze.
Alizihesabu mara mbili.