Labeka

Daktari ameandika kwa wino wa buluu:
*mwili hauitikii dawa.*
Nimeyasoma kichwa chini miguu juu, toka upande wangu wa meza,
hospitali ya Wete, Jumatatu, foleni imefika mlangoni.

Hauitikii.
Mie, Tumu binti Shaame, niliyelelewa Mtambwe,
mama akiniita toka jikoni
nilisema *labeka* jina halijamtoka kinywani.

Kijana huyu, shati limepigwa pasi, ananiuliza kwa upole:
Unameza kama nilivyokuelekeza?
Nameza.
Kila Ijumaa?
Kila Ijumaa.
Tumbo je?
Jumamosi natapika. Jumapili nasahau.

Karatasi ya damu inasema moto umepungua.
Basi nani ananichoma alfajiri,
hata siwezi kukamua nazi
wala kumfunga mjukuu vishikizo vya sare,
vidole vimejaa kama ndizi sukari, ngozi imevutika inang'aa?

Miaka sita iliitwa baridi yabisi. Kisha jongo.
Waliouona weupe wa magamba kiwikoni
walisogeza vikombe vyao.
Nimepakwa habasoda, nimekunywa kombe,
nimechomwa sindano dukani kwa Faki, sindano isiyo na jina.
Jina lenyewe lilipofika, refu, la kigeni,
moto ulikuwa umeshakula boriti.
Mimina maji upendavyo:
boriti iliyoliwa hairudi kuwa mti.

Kofia moja ya viua nilikuwa naimaliza kwa miezi miwili.
Hii ya sasa naingia nayo mwezi wa tano, na mwenyewe anaitaka kabla ya Idi.
Kucha zangu nazo zimetoboka, vitobo vidogo vidogo,
kana kwamba aliyezidarizi alichoka
akaondoka bila kuzungusha uzi.

Lakini lipo ambalo sikulisema.

Ijumaa, baada ya chakula, vidonge sita kiganjani.
Vitatu vyangu.
Vitatu nafunga kwenye pindo la kanga,
na Mize, mdogo wangu, huja kuvichukua akisingizia kuazima chumvi.
Magamba yale yale, goti lile lile:
mirathi tuliyogawiwa bila kadhi.
Yeye hana faili. Mumewe akilisikia neno hospitali
huhesabu nauli kwa sauti, mpaka majirani wajue.

Dawa iliita mtu mmoja.
Tumeamka wawili, kila mmoja nusu,
kila mmoja akisubiri mwenziwe apone kwanza.

Daktari anashika kalamu tena.
Anazungumzia Unguja, sindano mpya, ya baridi, ya kutunzwa barafuni,
bei yake ng'ombe na ndama wake.
Namsikia kwa mbali. Nahesabu:
sindano haifungwi kwenye kanga.
Sindano haigawiki.

"Bi Tumu?"

Nje mtoto analia, muuguzi anaita namba arubaini na moja.

"Bi Tumu, unanisikia?"

Labeka, nikasema.
Naomba ufunge mlango.